Bomba Lililopita Jikoni kwa Mama

Niliporudi Kichiwa mara hiyo, nilikuta mapipa ya dada yangu yamevishwa mablanketi. Yalikuwa yamesimama ndani ya stoo ya zamani ya viazi, kila moja limefungwa kamba kiunoni, na lile la karibu na mlango lilikuwa limevaa sweta la marehemu baba. Nililitambua kwa kiraka chake. Ilikuwa Juni, mwezi ambao kwetu nyasi huamka zikiwa nyeupe na watu huzungumza mikono ikiwa kwapani. Nilisimama pale na begi langu begani, nikacheka, halafu nikaona dada hacheki.

Nilikuwa natoka Tunduma. Kabla ya Tunduma nilikuwa Chunya, na kabla ya Chunya nilikuwa Kilombero kwenye miwa, na kabla ya hapo sehemu nyingine ambazo nikizitaja zote mtu ataona najisifu. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali nikaona paa moja likivuja misimu miwili. Lakini kila nilikokwenda niliota jiko la mama: moshi wa kuni za miti ya miwati, viazi vinavyochomwa kwenye majivu, na ule mlango mfupi unaomlazimisha mtu mzima kuinama. Nikishaota sana, narudi. Nikisharudi, haupiti muda naanza kutazama barabara. Mama alikuwa ameshanizoea. Baada ya kuamkiana aliniuliza tu kama safari hii nitakaa mpaka viive viazi vya shambani, au hivi vya kwenye majivu tu.

Mapipa yale yalikuwa ya mafuta, na mashine ya dada ya kukamua alizeti iliyoyajaza haikuanzia Kichiwa. Dada na mumewe waliinunua wakaifunga Makambako, nyuma ya duka lao, na ilifanya kazi vizuri. Kisha mama akateleza kwenye njia ya kisimani, akavunjika nyonga. Alipona, lakini tangu hapo akawa anatembea kwa kushika kuta, na mtu wa kumchotea maji na kumwashia moto asubuhi hakuwepo, maana mimi nilikuwa mahali fulani na dada alikuwa kwa mumewe. Kuhamia Makambako alikataa. Alisema upepo wa kule unaingia mpaka kwenye sahani ya mboga, na zaidi ya hapo kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, nani atalifyekea. Basi dada akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Akamwomba mumewe waihamishie mashine kwa mama, ili yeye aje akae nayo. Shemeji akakubali. Akabaki na duka, akawa anakuja Kichiwa kila alipopata nafasi, amechana nywele kama mchumba.

Mashine ikawekwa kwenye banda jipya karibu na nguzo ya umeme. Mapipa yakawekwa stoo, kwa kuwa stoo ndiyo ilikuwa na mlango wenye kufuli. Katikati ya banda na stoo lipo jiko la mama, kibanda cha matofali ya kuchoma kinachojitegemea. Kwa hiyo bomba la chuma la kupeleka mafuta lilitoka bandani, likazunguka nyuma ya jiko kwa nje, upande unaotazama bonde, ndipo likaingia stoo. Pampu ndogo iliyasukuma mafuta humo. Wakati wa joto hakuna aliyekumbuka hata kwamba bomba lipo.

Alizeti ina nta. Iko kwenye ganda la mbegu, na mashine ikibana, nta hutoka pamoja na mafuta. Mafuta yakiwa ya moto huwezi kuiona. Yakipoa inaanza kuonekana kama ukungu, kisha inatulia chini au inashika chochote kilicho karibu. Kule nyuma ya jiko, upepo wa bondeni ulilipiga bomba kutwa nzima, na nta ikashika chuma kwa ndani, siku baada ya siku, mpaka tundu likabaki la kupitisha kidole. Pampu ikawa inaguna. Halafu inanyamaza.

Na pampu ikinyamaza, uwanjani kuna watu. Watu wa kwetu, Mlutheri wa hapa kijijini au Mkatoliki wa kule misheni, ni wamoja katika hili: hawapokei mafuta ya mbegu ya mwenzao. Mtu analeta gunia lake, anaketi juu ya gunia lenyewe, anangoja, na anaondoka na mafuta ya alizeti aliyoipalilia mwenyewe. Ukimwambia achukue tu dumu lililo tayari, anakutazama kama umemwambia abebe mtoto wa jirani. Bomba likiziba, mafuta yake yako humo ndani, na hatoki uwanjani. Wenye mbegu kutoka Wanging'ombe walianza kupitiliza kwenda Makambako. Gari lilipunguza mwendo pale njia panda, wakapunga mkono, wakaenda.

Dada alijaribu alichokijua. Kwetu kila kilichoganda kinamwagiwa maji ya moto, iwe mikono, sufuria au kufuli la geti. Akachemsha maji akayamimina kwenye bomba. Nta ililainika, bomba likafunguka, naye akashukuru. Lakini maji hayatoki yote. Mama mmoja wa kwaya alirudi na dumu lake, akaeleza mbele ya watu kwamba mafuta ya dada yanatema mate kikaangoni kama mtu mwenye hasira, na kwamba mumewe sasa anakaa mbali na jiko, kitu ambacho yeye hakulalamikia sana. Watu walicheka. Dada naye alicheka. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuyavisha mapipa mablanketi, maana alikuwa amebaki na huruma tu, na huruma lazima uiweke mahali.

Siku ya tatu tangu nifike, shemeji alipiga simu. Dada aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na mashudu. Shemeji hakuwa mkali. Alisema Jumamosi anakuja na Fuso kuichukua mashine, kwamba mashine inayolala nusu ya wiki itawamaliza, na kwamba Makambako watu wanaiulizia. Kisha akasema pia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Dada alijibu sawa. Kilikuwa kitu kimoja, kila mmoja wetu alijua. Mashine ikienda, dada anakwenda nayo, maana yeye ndiye mwendeshaji na mke wa mwenyewe. Na mama anabaki na kuta zake za kushika.

Mama alisema waiondoe tu. Alisema yeye si mtoto, atajiwashia moto. Alilisema hilo akiwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga, na aliponyoosha mkono kuchukua ukuni, mkono haukufika. Dada alimsogezea. Wakanitazama wote wawili, mimi nikatazama mlangoni. Hawakuniambia kitu. Wangeniambia, ingekuwa nafuu.

Usiku ule nililala nikikumbuka bomba jingine. Zamani kidogo nilifanya kibarua cha kufyeka nyasi juu ya njia ya bomba kubwa la mafuta, lile la kuvuka nchi, na msimamizi wetu alikuwa mtu wa hadithi. Alitusimulia kwamba mafuta ya ardhini nayo yana nta, nayo hushika bomba, na dawa yake ni kusukuma ndani kitu kinene kinachokwangua pande zote kikienda. Kitu hicho, alisema, wenye kazi yao wanakiita nguruwe. Sisi vibarua tulimwuliza kama kikifika mwisho huwa kinachomwa na ndizi. Asubuhi nilichukua gunzi la hindi, nikalitoboa katikati, nikapitisha waya, nikamweleza dada. Tukafungua bomba kwenye banda. Nilisukuma waya kwanza, ukatokea upande wa stoo, kisha dada akauvuta na gunzi nyuma yake. Lilitoka na nta nyeupe kama lapa la mtu aliyekanyaga ugali.

Lilifanya kazi. Mama akawa anauliza kutoka jikoni kama nguruwe ameshakula. Siku mbili uwanja ulichangamka, pampu iliimba, na mimi nikajiona fundi. Ijumaa jioni, gunzi lilikatikia kwenye elbo, pale bomba linapopinda kuzunguka kona ya jiko. Nilivuta waya, ukaja peke yake.

Shemeji alifika Jumamosi kabla ya saa nne, amevaa koti refu, na dereva wa Fuso amejifunga shuka kama anakwenda kwenye barafu ya Iwawa. Kwetu mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake, na mama hatoki kumkimbilia. Kwa hiyo shemeji alisimama hatua chache kutoka mlangoni, akainama kidogo, akasema kamwene mama, na sauti ya mama ikamjibu kutoka gizani, ikamwuliza habari za upepo wa Makambako. Akasema upo. Hapo salamu ikaisha. Dada akamletea chai uwanjani, naye akainywa amesimama huku akilitazama bomba.

Lazima niseme kwamba shemeji, kabla ya duka, alikuwa fundi bomba. Mtu wa namna hiyo hawezi kunywa chai yake ikaisha mbele ya bomba lililoziba. Dada alikuwa ameshakunja nguo zake, begi liko kitandani. Dereva alikuwa ameshateremsha ubavu wa gari. Shemeji akaweka kikombe juu ya jiwe, akachukua spana, akaniambia, “Shemeji, hebu nishikie hapa. Siwezi kubeba mashine na nguruwe wako ndani.”

Tulifungua elbo. Gunzi lilikuwa limekaa humo kama meno yaliyong'ata. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akafungua na vipande vingine, kimoja kimoja, akavilaza kwenye nyasi kwa mpangilio uleule. Kipande cha kwanza, cha upande wa upepo, nta ilikuwa nene kuzunguka pande zote. Cha pili vilevile. Cha tatu akakiinua usawa wa jicho, akatazama bonde kupitia humo, akakishusha, akakiinua tena.

“Hiki kilikuwa wapi?”

Nikamwonyesha. Ni kile kilichokuwa kimeegemea ukuta wa jiko, mahali ambapo matofali yameungua mpaka yakawa meusi. Ndani kilikuwa safi, chuma kinang'aa kwa mafuta.

Aliweka kiganja kwenye matofali yale. Akaniita nami niweke. Ukuta ulikuwa na joto kama shavu la mtu aliyelala. Upande wa pili yalikuwa mafiga ya mama, na moto wa mama katika miezi hii hauzimwi kuanzia alfajiri mpaka anapoingia kulala.

Alikwenda stoo. Alikaa humo kidogo, tukamsikia akicheka peke yake, akatoka na sweta la baba mkononi. Alimwambia dada kwamba amemvalisha asiyesikia baridi na kumwacha uchi anayesikia. Makambako, alisema, bomba lao lilikuwa fupi kama mkono, mafuta yalifika pipani bado ya moto, na mapipa yalikaa karibu na dirisha lililovunjika. Ndiyo maana mafuta yao yalikuwa maangavu. Nta ilizama yenyewe chini ya pipa kwa ule ubaridi, nao wakachota ya juu. Hawakuwahi kufikiri juu ya hilo kwa sababu halikuwahi kuwasumbua. Hapa walifanya kinyume. Bomba lilipigwa baridi, nta ikabaki njiani, na kile kidogo kilichofika pipani kilifunikwa blanketi, kikakosa kuzama, kikaenda mpaka kwenye chupa za watu.

Dada alisikiliza yote. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama bomba linaweza kupita ndani ya jiko badala ya nyuma yake.

Shemeji alitazama Fuso, akatazama ukuta. Kisha akaniambia niingie ndani nimwambie mama asogeze kigoda, kwa sababu vumbi litaingia. Mama alikataa kusogea mbali. Alisogea kidogo tu, akajifunika khanga kichwani, akakaa akiutazama ukuta wake.

Shemeji alianza kutoboa kwa patasi na nyundo kutoka nje, mimi nikiwa ndani kupokea vipande vya tofali. Alikwenda polepole. Mwanga ukaingia kwanza kama sindano, kisha tundu likawa la kupitisha yai, na kupitia humo tukaiona sehemu ya koti lake. Hapo mama akazungumza. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza na mkwewe zaidi ya salamu.

“Mkwe.”

Nyundo ikanyamaza. “Naam, mama.”

“Bomba likishapita humu, mashine haitoki tena bila kuubomoa ukuta wangu. Hilo umeliona?”

“Nimeliona, mama. Ndiyo maana natoboa taratibu. Nafikiri huku natoboa.”

Mama alichokonoa moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Akasema, “Mke wako nimekaa naye muda mrefu. Sikukuomba mimi, lakini nimekaa naye. Baridi ya nyumba yako naijua, maana na mimi nalala peke yangu.”

Niliona koti halisogei. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango mfupi, ameinama nusu, hajaingia wala hajatoka.

“Basi awe anakuja kwako Ijumaa, arudi Jumatatu,” mama akasema. “Siku hizo za katikati moto huu atauangalia huyu hapa.” Akanionyesha kwa ukuni, ingawa mkwewe hakuweza kuona. “Huyu akitazama barabara, nitampiga na hiki nilichoshika.”

“Shemeji,” sauti ikatoka kwenye tundu, “umesikia?”

Nilisema nimesikia. Nilikuwa nimekuja kwa juma moja.

Nyundo ikaanza tena, na safari hii haikuwa polepole. Kufikia alasiri bomba lilikuwa limeingia kwenye ukuta mmoja na kutokea mwingine, limepita nyuma ya mafiga kwa urefu wa bega la mtu aliyeketi, mbali na ndimi za moto lakini ndani ya joto lake. Shemeji aliliwekea mteremko, upande wa banda juu na upande wa stoo chini, akaweka koki mwishoni, akamwonyesha dada namna ya kuifungua kila kazi ikiisha ili mafuta yote yashuke, yasilale humo hata kidogo. Elbo zote zilizokuwa nje ya jiko akaziondoa. Ndani likabaki limenyooka, na kila mwisho ukawa na kifuniko cha kufungua kwa mkono, ili siku nta ikishika tena gunzi lipite moja kwa moja. Nguruwe wangu alikuwa amesamehewa.

Mablanketi yalirudi kitandani kwa mama. Sweta la baba nililivaa mimi. Mlango wa stoo tuliuacha wazi usiku kucha, mapipa yakiwa uchi katika ile baridi, na asubuhi ukiangaza tochi ndani ya pipa uliona ukungu umeanza kushuka na juu yake mafuta yametulia, safi, rangi ya chai isiyo na maziwa.

Jioni ile ya Jumamosi, wakati wa kuondoka, dereva ndiye aliyenuna. Alisema alitoka Makambako kufuata chuma na sasa anarudi na mashudu ya ng'ombe. Hata hivyo alipakia magunia yake. Dada alipanda mbele, katikati yake na shemeji, na lile begi lililokuwa limeshafungwa liliondoka naye kama lilivyopangwa, ila lilikuwa begi la siku mbili. Alinipungia mkono kupitia kioo kwa namna ambayo watu wamezoea kupungiwa na mimi.

Sasa ni baridi ya pili tangu siku ile. Sisemi nimetulia. Ikifika mwezi wa tisa, joto likirudi na mbegu zikiwa zimekwisha, ninakwenda mahali, na mwaka jana nilifika mpaka Songea. Lakini miezi ya nyasi nyeupe niko hapa. Mama akisikia pampu inaguna, hugonga bomba kwa mwiko, husikiliza, kisha huniambia niongeze kuni au nitafute gunzi, na mara nyingi huwa amesema kweli. Wenye magunia wanakuja kumwamkia mlangoni na kumwuliza mafuta yao yamefika wapi. Yeye huwajibu yamepita sasa hivi nyuma ya mgongo wake.

Juu ya bomba, pale lilipo na joto jingi, huwa anaanika soksi zangu. Juzi alizishika, akazigeuza, akanirushia moja.

“Zimekauka,” akasema. “Kama unakwenda, nenda. Kama huendi, kalete kuni.”

Nilizivaa. Bado zilikuwa mbichi kwenye vidole. Nikachukua kamba nikaenda kwenye miwati.